Namna ya kuchagua mafunzo ya kujihami Dodoma: mwongozo kamili kwa asiyewahi kurusha ngumi

Mambo huwa yanakwenda hivi. Mtu anasikia jirani kapigwa roba akitoka stendi usiku, kesho yake anatafuta darasa la karate, analipa ada ya mwezi, anashona nguo nyeupe, na mwezi wa pili haonekani tena. Mwingine anavumilia mwaka mzima, anapanda mkanda, ila hajawahi hata mara moja kushikwa na mtu aliyekataa kumwachia. Wote wawili wamekwama mahali pamoja: walichagua jina la mchezo kabla ya kujua wanajihami na nini, wapi, na saa ngapi.

Hapa tunaanzia upande wa pili. Jina la mchezo linakuja hatua ya sita, baada ya kazi yote ngumu kuisha. Usiruke hatua ya kwanza hata kama una haraka, maana zote zinazofuata zinaitegemea.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari na kalamu.
- Ratiba yako ya wiki mbili zilizopita kama ilivyokuwa kweli, si ile unayoitamani.
- Bajeti ya mwezi iliyoandikwa, nauli ikiwemo.
- Namba hizi kwenye simu na kwenye karatasi: 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, ya mwenyekiti wa mtaa, ya polisi kata wako, na ya bodaboda mmoja unayemfahamu kwa jina.
- Nguo za mazoezi zisizo na zipu wala vifungo vya chuma, kandambili, taulo na maji.
- Mtu wa kwenda naye siku ya kukagua darasa.
- Kama una presha, pumu, kifafa, ujauzito, au goti na mgongo vilivyowahi kuumia: ushauri wa daktari kabla ya hatua ya saba.

Usinunue glovu, nguo za karate wala kinga ya meno kwa sasa. Fedha hiyo itahitajika baadaye, na huenda ikahitajika kwa vitu vingine kabisa.

## Hatua ya 1: Andika hatari zako, za watu wengine ziache

Gawa ukurasa sehemu tatu: wapi, saa ngapi, nini kinaweza kutokea. Kisha pita siku yako tangu unapofungua mlango asubuhi mpaka unapoufunga usiku.

Mtumishi anayefanya kazi Mji wa Serikali Mtumba na kupanga Nkuhungu ana hatari zake: kuvuka mji mzima, kushuka kwenye daladala giza limeshaingia, kutembea kipande cha mwisho peke yake. Mwanafunzi wa UDOM ana barabara ndefu kati ya ndaki na mahali anapolala. Mama mwenye genge Majengo ana saa ya kufunga na mfuko wa mauzo. Dereva wa bodaboda ana abiria wa usiku anayetaka kupelekwa mahali asipopajua. Hawa wanne hawahitaji darasa moja.

Ukimaliza, weka alama mbele ya kila hatari.

T kwa zile zinazotatuliwa bila mazoezi: taa ya nje, kufuli jipya, kubadili njia, kutotembea na simu mkononi kando ya barabara, kumpigia yule bodaboda unayemfahamu badala ya kupanda yeyote.

H kwa zile zinazotaka huduma ya kwanza: ajali ya pikipiki, moto wa jiko la gesi, mtu aliyesombwa na maji ya korongo mvua zinapochachamaa. Hapa Dodoma makorongo hukaa makavu miezi mingi, kisha yanajaa kwa muda mfupi sana.

M kwa zile ambazo mwili wako ndio utakaoamua: kukabwa, kuvutwa mkoba, kusukumwa ukutani, kushikwa kwa nguvu na mtu unayemjua.

Utashangaa M ni chache. Kama huna hata moja, acha kutafuta darasa la kupigana. Nenda kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa. Mtu anayejua kuzuia damu isitoke ana nafasi kubwa zaidi ya kuutumia ujuzi wake kuliko mwenye teke zuri.

Tahadhari. Kama mtu unayemwogopa analala nyumba moja na wewe, darasa si pa kuanzia. Anza na Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, ofisi ya ustawi wa jamii, au ndugu anayeweza kukupokea usiku huo huo. Kwa mtoto ipo namba 116. Mazoezi yatakuja baadaye, ukiwa mahali salama.

Hatua hii imekamilika ukiwa na M mbili au tatu zenye mahali na saa. "Naogopa vibaka" haitoshi. "Kukabwa kwa nyuma, kichochoro cha nyuma ya shule, saa 2 usiku" ndiyo inayotakiwa.

## Hatua ya 2: Jua sheria inakuruhusu nini

Soma Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya haki ya kujitetea. Ni vifupi. Vinakupa haki ya kujitetea wewe, mtu mwingine, na mali, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika kujitetea. Hatari ikiisha, haki ya kupiga nayo imekwisha. Kibaka aliyekwisha kudondosha mkoba na kukimbia si wa kufukuzwa na kuvunjwa mguu, na aliyeshikwa na wananchi si wa kupigwa mawe wala kuvishwa tairi. Huko ni kujichukulia sheria mkononi, na aliyepiga anaweza kujikuta kizimbani kwa kosa kubwa kuliko la kibaka mwenyewe.

Sababu ya kuiweka hatua hii mapema ni kwamba inabadilisha unachotafuta. Lengo lako ni kujinasua na kuondoka. Darasa linalokufundisha kumalizana na mtu aliyekwisha kuanguka linakupeleka jela polepole.

Na kisu cha mfukoni? Kiache nyumbani. Kwenye mvutano wa karibu, kitu ulichobeba kinaweza kubadili mkono.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya muda na nauli

Wengi huacha kwa sababu ya usafiri, kisha wanasingizia mwili.

Tuseme bodaboda inakula 1,500 kwenda na 1,500 kurudi. Mara 3 kwa wiki ni 9,000, kwa wiki 4 ni 36,000, na bado hujalipa ada wala hujanywa maji. Kwa watu wengi nauli inaizidi ada, na hakuna aliyewaambia. Kwa hiyo darasa la kawaida unaloweza kulifikia kwa miguu lina thamani kuliko darasa zuri la upande wa pili wa mji. Ukiwa Kikuyu, tafuta Kikuyu kwanza kabla ya kusikia habari za Nzuguni.

Angalia na saa. Giza Dodoma huingia karibu na saa 1 jioni mwaka mzima. Darasa linaloisha saa 2:30 usiku, likiwa kwenye njia ile ile uliyoiandikia M, linakuongezea hatari mara tatu kwa wiki. Uliza kama kuna kipindi cha alfajiri au cha Jumamosi.

Kuna na majira. Kama kazi yako inabanwa na Bunge la Bajeti, usianze kati ya Aprili na Juni. Utakosa wiki mbili mfululizo na hutarudi. Kama mazoezi yako ni ya uwanja wa wazi, jua kwamba kuanzia Juni mpaka Oktoba kuna upepo na vumbi, na mwenye pumu atateseka. Mvua nazo, Desemba hadi Aprili, zinafuta vipindi vya nje bila kuomba ruhusa.

Ukiwa na siku mbili za wiki ambazo hazijawahi kuvurugika kwenye ratiba yako ya kweli, songa mbele. Siku moja haitoshi kwa anayeanza. Siku tano ni ndoto.

## Hatua ya 4: Orodhesha madarasa na uyahakiki

Dodoma huna uchaguzi mpana kama wa Dar es Salaam, hivyo orodha ya matatu au manne ni nzuri. Ulizia kwenye gym, kumbi za shule, vyuo, na kwa afisa michezo wa Jiji. Huyu wa mwisho watu humsahau, na ndiye anayeweza kukwambia klabu ipi inatambulika. Vilabu vya michezo husajiliwa chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Omba kuona cheti cha usajili bila kuona aibu.

Kwa simu, uliza mambo manne tu. Nani anafundisha, na yeye alifundishwa na nani? Ada ni kiasi gani, na kuna malipo mengine ya mtihani wa mkanda? Naweza kuja kuangalia siku moja bure? Mtu akiumia mnafanyaje?

Anayekataa uje kuangalia, mfute. Anayetaka ada ya miezi sita kabla hujagusa mkeka, mfute pia.

## Hatua ya 5: Kaa pembeni kipindi kizima

Hapa ndipo pa kutumia muda. Nenda na mwenzako, fika kabla hawajaanza, ondoka wa mwisho. Usishiriki; angalia tu.

Anza na sakafu. Darasa la kuangushana juu ya saruji tupu ni la kukimbia. Tafuta sanduku la huduma ya kwanza, na ukiliona, omba lifunguliwe. Mara nyingi ndani kuna mkasi na plasta mbili zilizokauka.

Kisha angalia wanafunzi wapya. Nani yuko nao? Kama mwalimu anashinda na wenye mikanda huku wapya wakiruka kamba pembeni saa nzima, utakuwa unalipia kuruka kamba.

Mapumziko yakifika, msogelee kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Mtu akinipiga kabali kwa nyuma nikiwa nimesimama, hapa mnafundishaje?" Swali hili moja litakupa zaidi ya saa nzima ya kuangalia mateke.

Mwalimu anayejua atamwita mwanafunzi na kuonyesha. Kitu cha kwanza atakachokigusa ni kidevu: kinashushwa na kugeuzwa kuelekea kwenye kona ya kiwiko cha mkabaji, ili koo lipate nafasi. Papo hapo mikono yote miwili inadaka ule mkono uliokaba na kuuvuta chini kwa uzito wa mwili mzima, si kwa nguvu za vidole. Kiuno kinashuka, miguu inapanuka. Baada ya hapo ndipo mtu anageuka, anachomoa kichwa, na kukimbia. Mpangilio huo una sababu yake. Kabali iliyokaa sawasawa inabana mishipa ya damu ya shingo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde 10 hivi. Mwalimu anayeanza na kumkanyaga mtu kidole au kumpiga kiwiko, kabla ya kuokoa shingo, amesahau saa inakwenda.

Sasa angalia wanavyofanyia mazoezi, maana kuonyesha si kufundisha. Mzunguko wa kwanza uwe wa polepole. Wa pili mshikaji anakaza kidogo. Wa tatu anavuta nyuma, anatikisa, anakataa kuachia. Aliyekabwa akipiga mkono mara mbili, mshikaji anaachia hapo hapo bila mjadala. Ukiona mshikaji anasimama kama sanamu akisubiri kutupwa, kila siku, kwa kila mbinu, hilo ni onyesho la sherehe. Na ukiambiwa "mbinu zetu ni hatari mno, haziwezi kujaribiwa", shukuru na uage. Mbinu ambayo haijawahi kujaribiwa na mtu mbishi, hata mwenye kuifundisha hajui kama inafanya kazi.

Swali la pili liwe la kisu. Jibu zuri linachosha kusikiliza: toa simu, toa pesa, ongeza umbali, kimbia. Anayeahidi kukufundisha kunyang'anya kisu kwa mikono mitupu wiki ya kwanza anafundisha mambo ya kwenye video.

Kwa wanawake. Hesabu wanawake waliopo, na uangalie kama wanashikana na wanaume wenye uzito mkubwa au wametengwa kona. Mwalimu mstaarabu husema kabla ya kugusa: "Nakushika bega." Ukijisikia vibaya siku ya kuangalia, siku ya kushiriki utajisikia vibaya zaidi.

Kwa watoto. Mzazi aruhusiwe kukaa pembeni kila kipindi, bila kutoa sababu. Hakuna mjadala hapa.

Tahadhari. Usiende kujaribu kabali nyumbani na kaka yako kwa sababu umeisoma hapa. Shingo haina mazoezi ya kubahatisha.

Dalili ya kufaulu: unatoka na jibu la maswali mawili, na umeona kwa macho yako mwanafunzi wa kawaida, si nyota wa klabu, akijinasua kwa mtu aliyekataa.

## Hatua ya 6: Sasa chagua mchezo

Rudi kwenye M zako.

Ngumi. Zinakuzoesha kitu ambacho michezo mingi hukwepa: kupigwa na kuendelea kufikiri. Unajifunza umbali, pumzi, na kutofumba macho. Zinapungukiwa kwenye kushikwa, na kichwa kina gharama yake. Unaweza kujifunza kwa begi na pedi bila kuingia sparingi nzito, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzako. Mwambie kocha mapema.

Karate. Ndiyo utakayoikuta kirahisi, hasa Goju-Ryu na Shotokan. Hapa mwalimu ni kila kitu. Kuna dojo (ukumbi wa karate) ambako kata, yaani mfululizo wa mapigo unaorudiwa bila mpinzani, ni sehemu tu ya kipindi na watu wanashikana kwelikweli, na kuna dojo ambako kata ndiyo kipindi. Hatua ya tano imeshakwambia uko wapi.

Judo na mieleka. Kama M zako ni za kukabwa na kuvutwa, na umepata darasa lenye mikeka karibu na nyumbani, chukua bila kusita. Utajifunza kuanguka bila kuvunja mkono, na kuanguka utaanguka tu maishani, uwe na kibaka au usiwe naye.

Taekwondo. Mateke mazuri, mwili mwepesi, watoto wanaipenda. Kwa kichochoro chembamba na sketi ya ofisini, si chaguo langu.

Semina ya siku moja. Inafaa kama utangulizi. Mwili haukumbuki Jumamosi moja.

Mgambo. Mafunzo ya jeshi la akiba ni ya miezi, yana gwaride, silaha na nidhamu yake, na yanamfaa kijana anayetafuta kazi za ulinzi au anayetaka kutumikia. Kwa mtu anayetaka kufika nyumbani salama akitoka kazini, ni mlango mwingine.

Ukibaki na madarasa mawili yanayolingana, chagua la karibu.

## Hatua ya 7: Wiki sita za kwanza

Lipa mwezi mmoja mmoja. Mwambie mwalimu siku ya kwanza M zako ni zipi. Anayekuheshimu atazifanyia kazi.

Wiki mbili za mwanzo utaumwa misuli, na hiyo ni kawaida. Kizunguzungu, kutapika, au kichwa kuuma baada ya kupigwa kichwani si kawaida: acha siku hiyo hiyo, nenda hospitali, usirudi mpaka uruhusiwe. Usikubali kushindanishwa na mtu wa uzito wa mbali mwezi wa kwanza, hata kwa utani. Dodoma ni nyanda za juu kiasi, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ni kavu. Aliyehamia kutoka pwani ataona pumzi inakata mapema siku za mwanzo. Kunywa maji kabla hujasikia kiu.

Vifaa nunua kuanzia wiki ya nne: kinga ya meno kwanza, glovu baadaye, nguo rasmi mwishoni.

## Hatua ya 8: Fanya zoezi la dharura nzima

Hili madarasa mengi hayafundishi, kwa hiyo lifanye mwenyewe na watu wa nyumbani. Chukua M moja, igizeni mwanzo hadi mwisho, mpaka pale kelele zinapoisha.

Piga yowe la neno moja. "Mwizi!" linaweza kuwaleta watu na mawe, "Moto!" huwatoa watu nje bila mawe, ingawa Zimamoto hawatafurahi nikisema hivi. Kimbilia penye taa na watu: duka la Mangi, kijiwe cha bodaboda, kituo cha mafuta. Piga 112 na useme mahali kwanza, jina lako baadaye.

Kama umeumia, pita kituo cha polisi uchukue fomu ya PF3 kabla au mara tu baada ya matibabu. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Fungua taarifa upewe namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako polisi. Usifue nguo, usifute ujumbe wa simu. Waulize majina walioshuhudia kabla hawajatawanyika, kwa sababu kesho yake kila mtu atakuwa hakuwepo. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa; kama ulinzi shirikishi upo, wanahitaji kujua ni kichochoro kipi na saa ngapi.

Rudieni zoezi hili kila baada ya miezi mitatu, na siku hiyo hiyo kagua darasa lako. Je, unaweza kujinasua kwa mwenzako anayekaza? Umehudhuria angalau vipindi viwili kati ya vitatu? M ulizoandika bado ni zile zile, au umehama nyumba? Jibu likiwa hapana kwa mawili ya kwanza, zungumza na mwalimu kabla ya kulipa mwezi mwingine. Akikwambia tatizo ni kwamba hujanunua nguo rasmi, rudi kwenye orodha yako ya hatua ya nne na umpigie wa pili.